Pemba siku nne: msitu wa Ngezi, Vumawimbi na Misali, mwongozo kamili

Mtu akisema anaenda Zanzibar tisini kwa mia anamaanisha Unguja, na mimi nilikua hivyo hivyo mpaka nilipovuka kwenda Pemba nikakuta kisiwa kingine kabisa. Unguja tambarare, Pemba vilima na mabonde, unapanda unashuka, migomba, minazi, mikarafuu, kilima kingine tena. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na ukikiona toka dirisha la kindege kidogo huhitaji kuelezwa kwanini.

Sasa kosa langu safari ya kwanza niliangalia siku za likizo tu, nikakata tiketi nikaenda. Nimefika ufukwe wa Vumawimbi saa nne asubuhi nimevaa na nguo ya kuogelea kabisa, maji yamepwa yako kule mbali, nikakaa chini ya mti nasubiri bahari irudi mpaka bodaboda niliyekubaliana nae akawa amenifata tunaondoka. Kesho yake kisiwa cha Misali mkondo mkali, nilikua naogelea kwenda mbele najikuta narudi nyuma. Nahodha mzee mmoja akanicheka akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" nikamtajia tarehe ya kwenye simu, akasema si huo, mwezi wa juu. Ndo hapo nikaelewa kwamba Pemba inapangwa kwa maji.

MWEZI KWANZA, TIKETI BAADAE

Hii sehemu isome taratibu maana yote yanayofata yanaitegemea. Pwani yetu hii maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, siku moja mbili baada ya hapo ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti inafika kama mita nne. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana hayatoki sana na mkondo unakua mpole.

Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Wavuvi hawahitaji jedwali, wanahesabu tarehe za Kiislamu tu kwa sababu ule mwezi ndo huo huo wa juu, tarehe 15 ni mpevu. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani kwako unayo jedwali la maji tayari.

Sasa angalia inavyokaa. Msitu unataka asubuhi, ufukwe unataka mchana maji yakiwa yanapanda. Hiyo ni bamvua. Misali kwenye matumbawe inataka maji mafu, mkondo mdogo na maji masafi. Huwezi kupata vyote siku moja lakini kwa siku nne unaweza ukavishika kwa mpangilio, fika Pemba kama tarehe 16 au 17 ya mwezi wa Kiislamu, fanya kaskazini kwanza (Ngezi na Vumawimbi), Misali weka mwisho, maji yatakua yanaelekea kufa. Mwandamo nao unafaa kwa hesabu hiyo hiyo, anza tarehe 1 au 2, ila usiku utakua giza na mimi napenda mbalamwezi.

MSIMU

Masika, Machi mpaka Mei, usiende kwa ajili ya kutembea msituni. Pemba inanyesha kuliko Unguja na ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Vuli, Oktoba mpaka Disemba, inanyesha kidogo inaacha, unaweza kubahatisha. Juni mpaka Septemba ni kipupwe, hali ya hewa tamu sana ya kutembea ila ni upepo wa kusi na bahari kati ya Unguja na Pemba inachafuka, wanaotapika wajiandae. Kaskazi, Disemba mpaka Februari hivi, kuna joto na bahari ya kuvuka inakua na afadhali, lakini upepo unakuja usoni kwa Vumawimbi. Jina lenyewe si unalisikia, vuma, wimbi.

Kuanzia kama Julai kwenda mwisho wa mwaka ni karafuu. Huu mimi ndo naupenda kuliko yote. Kila kijiji wameanika karafuu kwenye mikeka, na sehemu zingine pembeni ya lami kabisa, unapita na bodaboda harufu inakupiga mpaka unasahau kwamba mgongo unauma. Historia yake fupi, karafuu zilistawishwa kwa nguvu Zanzibar enzi za Sayyid Said, alafu kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikabaki ndo shamba kuu mpaka leo. Na ndo maana pia msitu wa asili umebaki kidogo, vilima vyote vilipandwa mikarafuu, Ngezi ikabaki kule pembeni kaskazini magharibi.

Ramadhani nenda tu kama unafunga au uko tayari kuishi kama anaefunga, mchana hupati pa kula. Siku za karibu na Idi vyombo vinajaa, kata tiketi mapema sana.

KUFIKA

Njia tatu. Ndege ndogo toka Unguja, Dar au Tanga, uwanja uko karibu na Chake Chake, toka Unguja ni kama nusu saa tu. Boti ya kasi au meli toka Unguja, nyingi zinashusha Mkoani kusini, zingine Wete. Ratiba zinabadilika badilika, uliza bandarini siku mbili kabla na ukishajibiwa uliza tena. Kitambulisho lazima, na kama sio Mtanzania paspoti na ile bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44, inalipiwa mtandaoni kabla hujafika.

Kwenye boti kaa chini, katikati au nyuma kidogo, usikae mbele ukajifanya unapiga picha. Kula kitu chepesi, tafuna tangawizi. Na hili naliandika bila utani, chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi shuka, tiketi iache ipotee. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na Pemba ukikaa na watu wakikuzoea utaona nyumba nyingi zina mtu wa siku ile. Usiwe mtu wa kuuliza uliza habari hiyo, wakisema wenyewe sikiliza.

KULALA NA KUZUNGUKA

Wengi wanakaa Chake kwa sababu ndo mji mkubwa, kuna benki na chakula. Mimi nakwambia lala usiku miwili ya kwanza Wete au huko huko Kigomasha, ile rasi ya kaskazini yenye Vumawimbi, ya mwisho ndo Chake. Ukilala Chake kila siku unakula saa nyingi barabarani kwenda kaskazini na kurudi na ile asubuhi ya msituni inakupita. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67 ukitazama kwenye ramani unaona kitu kidogo, barabarani na vile vilima na daladala inayosimama kila mwembe ni habari nyingine.

Daladala zipo Mkoani–Chake, Chake–Wete, Chake–Konde, Wete–Konde. Konde ndo mwisho wako kwa daladala, toka hapo kwenda Ngezi na fukwe ni bodaboda au miguu. Bodaboda chukua wa siku nzima, patana nae bei asubuhi kabla hujapanda, chukua namba yake, na ya muhimu kuliko yote patana SAA YA KURUDI kwa sababu ukiachwa Vumawimbi jioni hakuna gari litakalopita. Ukimwambia saa kumi na mbili akasema inshallah, mkumbushe saa kumi.

Hela toa Chake au Wete, ukishavuka Konde hesabu kwamba uko na ulichonacho mfukoni. Noti ndogo ndogo.

BEGI

Raba za kushika ardhi za msituni. Yeboyebo za baharini, zile zile za plastiki za bei rahisi, kwenye matumbawe hazina mpinzani maana wale wadudu wenye miba mieusi wakikuchoma mguu safari imeisha. Suruali ndefu nyepesi na soksi, dawa ya mbu, tochi ya kichwani, powabenki. Maji lita mbili kwa mtu. Kanga au kikoi, hiki ni taulo ni shuka ni pazia la kubadilishia nguo. Kwa boti ya Misali tafuta kindoo chenye mfuniko unaobana, tia simu na hela humo, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na hata isingekua hivyo ndoo inaelea mfuko hauelei.

Kina dada, na kaka pia, nguo ya kuogelea ni ya majini. Ukitoka mchangani kuelekea kijijini funga kanga, funika mabega. Pemba watu wana dini yao na wana heshima zao, hawatakupigia kelele ila watageuza uso, na ukishageuziwa uso hata bei ya muhogo inapanda.

SIKU YA KWANZA: POPO WA KIDIKE

Umefika mchana, usijitie ushujaa. Ukiwa unapanda kaskazini toka Chake, shukia njia ya kuingia Kidike jioni jioni. Pale kuna popo wa Pemba, wale wakubwa wala matunda, hawapatikani popote pengine duniani, mabawa yakifunguka yanazidi mita moja na nusu. Miaka ya themanini mwishoni walikua karibu waishe, miti imekatwa na watu walikua wanawawinda kwa kitoweo, alafu vijiji vyenyewe vikaanza kuwalinda na wakarudi kwa maelfu. Mchana wananing'inia kama maembe meusi wanagombana, jua likizama wanaondoka. Simama kimya, usipige makofi kuwashtua, kuna watu wanafanya hivyo ili wapate video na inaudhi.

SIKU YA PILI: NGEZI, ALAFU BAHARI

Amka alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu uwe Konde umekunywa chai na mkate wa kumimina, saa moja uwe getini. Barabara inaingia msituni kabisa, ghafla baridi, miti inagusana juu, na hapo hujalipa hata senti. Ila usitembee tu mwenyewe ukasema nimeuona, simama kituoni ulipe kiingilio (Mtanzania sema mapema wewe ni mwananchi, bei si moja), chukua muongozaji. Kuna njia fupi ya kama kilomita mbili na kuna ndefu ya kutokea pwani ya magharibi. Mara ya kwanza fanya fupi taratibu, masaa mawili.

Kwanini na muongozaji? Kwa sababu mwenyewe utaona miti tu. Yeye atakuonyesha mpapindi, mnazi sio mpopoo sio, ni jamii ya mitende ambayo kwao ni Pemba tu. Atakuonyesha mvule wa kuukumbatia watu wanne, na masalia ya kiwanda cha zamani cha kupasua mbao ambacho msitu unakimeza pole pole. Pemba imejitenga na bara zamani sana, mkondo unaoitenga na Tanga una kina cha mamia ya mita, ndo maana kuna viumbe vya kwake peke yake, ninga wa Pemba yule wa kijani, ndege chozi wake, bundi wake mdogo. Tumbili utawaona. Wale kima punju wekundu ni wageni, waliletwa toka Jozani miaka ya sabini, ni wachache, ukiwaona shukuru.

Yule bundi anasikika usiku. Kama unalala Kigomasha muombe muongozaji siku hiyo hiyo mrudi baada ya isha, hakuna anaekuja kukuuliza kama unataka, lazima useme wewe. Mimi sikumuona nilimsikia tu, sauti moja moja, kimyaa, alafu mwingine anajibu toka mbali. Wenyeji wengine hawapendi bundi hata kumtaja, ukiona muongozaji anasita usilazimishe.

Ukitoka msituni saa nne na nusu, maji ndo yamepwa. Usiende ufukweni bado! Rudi Konde ule, pumzika, au kaa kivulini getini upige stori. Saa nane ndo uingie Vumawimbi. Ni kilomita kadhaa za mchanga mweupe, msitu nyuma yako, siku ya kawaida unakuta wavuvi wawili watatu wanashona nyavu na ng'ombe. Hakuna kibanda, hakuna soda, hakuna kitanda cha kukodi. Maji yanapanda juu ya mchanga uliochomwa na jua tangu asubuhi kwa hiyo yanafika yana uvuguvugu, mpaka saa kumi na moja yamejaa tele.

Kama ni kaskazi na Vumawimbi inavuma kweli, vuka upande wa pili wa rasi, Verani, inatazama magharibi kwa hiyo upepo huo hauifikii. Rasi ni nyembamba, dakika chache tu kwa pikipiki.

Saa kumi na moja na nusu uwe Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, mnara wa chuma waliojenga Waingereza 1900 na bado umesimama. Mtafute mlinzi, msalimie vizuri, mpe chochote, atakufungulia. Ngazi 95 nyembamba za kuzunguka, zimepata kutu kidogo, anaeogopa urefu abaki chini hakuna aibu. Juu unaona upande mmoja msitu wa Ngezi unaanza kuwa mweusi na upande mwingine jua linazama mlango wa bahari kuelekea Tanga.

SIKU YA TATU

Hii ni ya miguu ikipenda. Kama mwili bado una nguvu rudi Ngezi ufanye ile njia ndefu ya kutokea Verani, nusu siku, beba maji. Mimi safari ya pili nilichoka nikashuka Chake nikaenda Pujini kuangalia magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambae wenyeji mpaka leo wanamsimulia ukali wake. Kuna kisima ambacho alijenga ukuta katikati eti wake zake wawili wasikutane wakichota maji. Kilichobaki ni kuta na vichaka, ukienda bila mtu wa kukusimulia utarudi unalalamika, kwa hiyo mtafute mzee pale kijijini.

Jioni nenda sokoni Chake. Pweza, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na kama ni msimu shokishoki, yale matunda mekundu yenye manyoya, ya Pemba yanayatia aibu ya sehemu nyingine.

SIKU YA NNE: MISALI

Unaondokea Wesha, bandari ndogo karibu na Chake. Usipande boti ya kwanza unayoitiwa. Angalia: kuna maboya ya kuvaa ya kutosha watu wote? injini imewashwa mbele yako? kuna dumu la mafuta ya akiba? Nahodha mwenyewe ndo anaenda au anamtuma mdogo wake? Kama jibu moja ni "usijali" mimi hua najali.

Kwa tarehe ulizohesabu maji yatakua yamejaa asubuhi kwenye saa moja mbili, ondokeni hapo hapo, baada ya saa moja hivi mko Misali. Kisiwa hakifiki hata kilomita moja ya mraba, ni hifadhi, kuna kiingilio. Wenyeji wanasema Nabii Khidhri alifika akaomba msala wa kuswalia, wavuvi hawana, akasema basi kisiwa chenyewe ndo kitakua msala wangu maana kimeelekea kibla. Jina linatoka hapo. Wazungu wao wana hadithi yao ya Captain Kidd kufukia hazina, mpaka leo hakuna alieichimbua.

Kuna njia za kutembea ndani, mibuyu, kaa wakubwa wa nchi kavu, na mapango ambayo watu wanaenda kuweka nadhiri zao. Ukikuta kitambaa, sarafu, chetezo, usiguse. Sio suala la kuamini au kutoamini, ni cha mtu. Fukwe za magharibi kasa wanatagia, ukiona alama za kutambaa mchangani pita mbali.

Kuogelea na miwani fanya saa tatu mpaka saa tano kabla maji hayajatoka sana, kaa karibu na ukingo wa matumbawe usisimame juu yake, na muachie nahodha akwambie mkondo unaenda wapi. Ingia upande mkondo unakotoka utokee upande unakoelekea, usipigane nao. Chakula mpikiwe hapo, samaki na wali, saa nane tisa maji yakianza kurudi ndo mnageuza. Mwenye muda anaweza kumwambia nahodha apitie Ras Mkumbuu kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14, mtashuka majini mpaka magotini ila inawezekana.

Takataka zote zirudi na nyie kwenye kile kindoo. Na zawadi, nunua mafuta ya makonyo (vile vikonyo vya karafuu) au ya karafuu yaliyofungwa dukani, kiwanda kiko Wawi hapo hapo karibu na Chake. Usipakie karafuu kavu za kilo kwa kilo ulizouziwa kichochoroni hata kama bei imekuchekea, biashara ya karafuu ni ya serikali kupitia ZSTC, shirika lake la biashara, na magendo yake yanafatiliwa kweli kweli, utaikosa boti unajieleza bandarini. Shokishoki beba, ila juu ya begi sio chini, na zile za jana usinunue.